Meniskasi imechanika, ufanyeje? Mwongozo wa goti kuanzia siku ya kuumia mpaka kurudi uwanjani

Kama unasoma hii basi goti linakusumbua, lako au la mtu wako, na kuna mtu ameshakutajia meniskasi, yaani vile vipande viwili kama mito vinavyokaa kati ya mifupa ya goti. Labda uligeuka ghafla kwenye ndondo mguu ukabaki umenasa chini mwili ukaenda, labda ulichuchumaa tu kufua ukasikia kitu kimealika ndani ya goti na toka siku hiyo ngazi imekuwa adui. Nitakupeleka hatua kwa hatua, ila kitu kimoja nakisema mapema kwasababu ndo kinachowaponza watu wengi: usikubali meniskasi ikatwe kabla hujajua imechanika vipi na wapi, na usikae nayo miezi nane unaichua na mafuta wakati ni ile ya kushonwa haraka. Yote mawili yanatokea kila siku, na yote yanaishia sehemu moja, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kulika na goti kuzeeka kabla ya mwenyewe.

Ndani ya goti kuna nini

Goti ni pale mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi, huo wa muundi ndo madaktari wanauita tibia. Mfupa wa paja kwa chini una mafundo mawili ya mviringo, na tibia kwa juu ni karibu bapa, kwahiyo hivyo viwili vikikutana peke yake vinagusana sehemu ndogo sana na uzito wote unashuka hapohapo. Ndo maana kila goti lina meniskasi mbili, moja upande wa ndani unaoangaliana na goti la pili na moja upande wa nje, zote nene pembeni na nyembamba kuelekea katikati. Kama umewahi kubeba ndoo kichwani basi kazi yake ni ile ya ngata, uzito unasambaa badala ya kuchoma sehemu moja. Na ngata inashika kwasababu ni duara iliyokazwa, ikate mahali pamoja tu inafunguka na ndoo inagusa kichwa hata kama kitambaa chote bado kipo.

Kwenye meniskasi ukazaji huo unatoka kwa nyuzi za kolajeni zinazoizunguka kwa urefu wake, na ncha zake mbili, ya mbele na ya nyuma, zimefungwa kwenye mfupa wa tibia. Hizo ncha zinaitwa mizizi. Uzito ukishuka meniskasi inataka kusukumwa itoke nje ya goti, nyuzi zinavutika, mizizi inashikilia, na hapo ndo uzito unasambaa. Goti likiwa limenyooka meniskasi zinapokea kama nusu ya mzigo, ukikunja mpaka digrii 90 inafika kama asilimia 85. Na mzigo wenyewe si mdogo, kwa kutembea tu goti linabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, yaani mtu wa kilo 80 anapitisha kilo 160 mpaka 240 kila anapokanyaga, kushuka ngazi ndo zaidi. Ndo maana kuchuchumaa kunauma kuliko kusimama.

Sura ya tibia nayo ina maana kubwa na watu wengi hawaambiwi. Upande wa ndani imebonyea kidogo, upande wa nje imebinuka kidogo. Kwahiyo meniskasi ya nje ikiondolewa, mviringo wa paja unabaki umekaa juu ya kitu kilichobinuka, mguso unakuwa mdogo sana, na goti la kijana linaweza kuharibika haraka kuliko angepoteza ya ndani. Ya ndani yenyewe shida yake ni nyingine, imeshikamana na ligamenti ya pembeni, yaani ule mshipi unaofunga mfupa na mfupa, kwahiyo haina uhuru. Ukikunja goti ya nje inarudi nyuma kama milimita 11, ya ndani kama 5 tu, na kitu kisichoweza kukwepa ndo kinachobanwa. Ndo maana ya ndani inachanika mara nyingi zaidi.

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Uingereza, Bland-Sutton, aliandika kwamba meniskasi ni mabaki ya msuli yasiyo na kazi, na kwa miongo mingi baada yake ikichanika wanaitoa yote. Mwaka 1948 Fairbank, Mwingereza mwingine, akaonyesha kwa eksirei kwamba magoti yaliyotolewa meniskasi yanabadilika, nafasi kati ya mifupa inapungua, mfupa unaota kingo na kuwa bapa. Na kinachoniuma mimi ni kwamba huko Edinburgh Thomas Annandale alikuwa ameshaishona meniskasi mwaka 1883! Njia ilikuwepo, ila wazo kwamba kile kitu ni takataka lilichukua karibu miaka mia kutoka vichwani, na bado utakutana na mtu anakwambia "tunaitoa tu hiyo, unakuwa fresh".

Siku ya kuumia na siku zinazofuata

Cha kwanza kumbuka vizuri uvimbe ulikuja lini, maana daktari atakuuliza na jibu linasaidia kuliko unavyodhani. Goti likijaa ndani ya saa moja mbili, kuna damu ndani, hapo fikiria ligamenti ya ACL, ile ya katikati ya goti inayozuia tibia isiteleze mbele, imekatika, au mfupa umepasuka, au meniskasi imechanika sehemu yenye mishipa ya damu. Ukilala ukaamka limejaa, au limevimba taratibu kesho yake, hiyo inafanana zaidi na meniskasi peke yake. Kumbuka pia kama ulisikia mlio, kama uliweza kuendelea kucheza, na kama goti lilikuwa linakuachia, yaani unakanyaga linalegea ghafla.

Alafu angalia kama ni la kwenda hospitali leoleo. Una miaka 55 au zaidi, au huwezi kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, au huwezi kukunja goti mpaka 90, au ukibonyeza pia ya goti au kile kifundo cha nje chini ya goti unaruka kwa maumivu, nenda upigwe eksirei. Vigezo hivi ndo madaktari wanatumia kuamua, sijavitoa kichwani. Na kama umegongwa na gari au umeanguka na bodaboda usikae kabisa unajiambia ni meniskasi, maana pale juu ya tibia mfupa unaweza kupasuka na kudidimia, mara nyingi upande wa nje kwasababu bampa inagonga goti kutoka nje kuja ndani, na meniskasi ya nje inaweza kunasa ndani ya ule mpasuko wa mfupa. Hilo ni jeraha la CT skani na daktari wa mifupa. Unyayo ukiwa wa baridi au umekufa ganzi, au msuli wa nyuma ya muundi umekaza kama jiwe na maumivu yanazidi hata baada ya dawa, hiyo ni dharura ya masaa, usisubiri asubuhi.

Kuna goti jingine la haraka, lile lililofunga. Nazungumzia goti ambalo haliwezi kunyooka kabisa, unalisukuma linagoma kama kuna kitu kimewekwa katikati. Mara nyingi kipande kirefu cha meniskasi kimechanika kwa urefu kikapinduka kikaingia katikati ya goti, wanauita mpasuko wa mpini wa ndoo. Hapa naomba tuelewane: usimpe mtu alivute. Wachuaji wetu wana mikono mizuri kwa mambo mengi, ila goti lililofunga ukilinyoosha kwa nguvu unakiponda kipande ambacho kingeshonwa kikapona. Daktari wa mifupa akuone ndani ya siku chache.

Kama halijafunga na halina dalili za mfupa, siku mbili tatu za kwanza pumzisha, weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, funga bandeji ya kuvutika isiyobana sana, na ukikaa inua mguu. Usiweke mto chini ya goti ukalala nao umekunja usiku kucha, watu wanafanya sana hii kwasababu inapunguza maumivu alafu wiki ya pili goti halinyooki. Paracetamol inatosha kwa wengi. Diklofenaki na ibuprofen zinasaidia lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo aulize kwanza. Kuchua, mafuta ya moto, mvuke, weka pembeni wakati bado limevimba.

Kujipima nyumbani

Kaa kwenye kiti, kunja goti 90. Weka dole gumba pembeni ya ule ukano mgumu chini ya pia ya goti, utaona kuna kishimo laini, juu yake mfupa wa paja chini yake tibia. Hicho kishimo ndo mstari wa kiungo na meniskasi imekaa humo. Sasa ufuate ule mstari taratibu ukielekea nyuma, ndani alafu nje, ukibonyeza. Maumivu makali ya sehemu moja pale kwenye mstari, hasa kuelekea nyuma, yanatia mashaka. Linganisha na goti zima, maana kila mtu ana kiasi chake cha kuumia akibonyezwa. Alafu lala chali uone kama magoti yote yananyooka sawa, na kama kisigino kinaweza kufika karibu na tako.

Vile vipimo vya kukunja na kuzungusha, cha McMurray na cha kusimama mguu mmoja ukizungusha mwili, mwachie fiziotherapia au daktari. Hakuna kipimo kimoja cha mkono kinachomaliza swali, wanachanganya stori yako, mstari wa kiungo na hivyo vipimo ndo wanapata picha. Usijirushe kuchuchumaa kwa nguvu ili "kuhakikisha".

Picha na namna ya kusoma ripoti

Eksirei haionyeshi meniskasi, na watu wanakasirika wakipigwa kwanza eksirei wanaona wameliwa hela. Hapana, ipige, na ukiwa na miaka 40 kwenda juu omba ipigwe umesimama, miguu yote miwili, kwasababu ukilala nafasi kati ya mifupa inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Hiyo ndo inaonyesha kama goti limeshalika, na jibu hilo linabadilisha kila kitu kinachofuata.

MRI, kile kipimo cha picha kwa mashine ya sumaku, ndo inaonyesha meniskasi. Ripoti inakuja kwa Kiingereza kigumu kwahiyo shika haya. Neno linaloanza na medi ni upande wa ndani, linaloanza na late ni upande wa nje. Kuna pembe ya mbele, mwili, na pembe ya nyuma, mipasuko mingi iko ya nyuma. Ukiona gredi 1 au gredi 2 punguza presha, hayo ni mabadiliko ya ndani ambayo hayajafika juu, meniskasi haijachanika. Gredi 3 ndo imefika kwenye uso, huo ndo mpasuko.

Alafu aina. Wa kwenda na urefu wa nyuzi ndo wenye bahati, nyuzi nyingi bado zimeshikana na ukishonwa unaweza kupona. Wa kukata nyuzi kati, kutoka ukingo wa ndani kwenda nje, ni mbaya zaidi hata ukionekana mdogo kwasababu unavunja ule ukazaji. Wa kulala, unaoigawa juu na chini kama mkate, mara nyingi ni wa umri. Na ukiona mahali pameandikwa root, simama hapo, huo ni mzizi.

Mzizi wa nyuma wa meniskasi ya ndani unakatika sana kwa watu wa makamo, hasa kina mama wa miaka 50 na kitu, na unakatika kwa kitu kidogo tu, kuchuchumaa, kushuka kidaraja, kuinuka mkekani. Wanasikia "tak" nyuma ya goti, maumivu makali siku chache, kisha yanapoa kiasi na wanaambiwa ni uzee. Mwaka 2008 watafiti Marekani walipima magoti ya maiti kwenye mashine wakakuta mzizi huo ukikatika presha inayobonyeza gegedu inapanda sawasawa na kama meniskasi yote imetolewa, na wakiufunga tena inashuka. Ndo ngata iliyokatwa. Ripoti inaweza pia kusema meniskasi imesukumwa nje zaidi ya milimita 3, hiyo ni dalili kwamba haishiki tena. Kwa goti ambalo gegedu bado nzuri, hili ni jambo la wiki, sio la "tutaangalia mwakani".

Upasuaji au mazoezi

Hapa ndo pazito. Ngoja niligawe kwa mtu, sio kwa picha.

Wewe una miaka 45, 55, hukuumia popote, goti limeanza tu kuuma taratibu, MRI inasema mpasuko wa kulala au mchanganyiko kwenye pembe ya nyuma ya ndani. Huo ni mpasuko wa kuchakaa na kisu sio cha kwanza. Finland walifanya utafiti uliotoka 2013, watu 146 wa miaka 35 hadi 65, nusu wakakatwa kweli kile kipande na nusu wakaingizwa chumba cha upasuaji wakafanyiwa maigizo, kamera ikaingia lakini hakuna kilichokatwa, wenyewe hawajui nani ni nani. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana. Na miaka mitano kabla yake, watafiti wa Framingham kule Massachusetts walipiga MRI watu wa kawaida mtaani wa miaka 50 hadi 90, wakakuta kati ya waliokuwa na mpasuko asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wowote mwezi uliopita. Yaani mpasuko kwenye picha unaweza kuwa upo toka zamani na kinachouma ni kitu kingine, gegedu au misuli dhaifu. Mtu kama huyu apewe mazoezi ya maana, miezi mitatu, apunguze kilo kama zimezidi, ndo tuongee tena. Dalili zikigoma kabisa baada ya hapo upasuaji bado upo.

Wewe una miaka 19 au 28, umeumia mechini, mpasuko ni wa urefu, uko pembeni. Hapa kazi ni kuiokoa. Meniskasi inapata damu pembeni tu, kama asilimia 10 hadi 30 ya upana wake kutokea ukingo wa nje, wanaiita eneo jekundu, katikati ni nyeupe haina mishipa. Mpasuko wa eneo jekundu ukishonwa una nafasi nzuri ya kupona, wa katikati nafasi inapungua ingawa siku hizi wanashona mpaka zile za mpakani hasa kwa vijana. Kama na ACL imekatika inabidi itengenezwe pia, kwasababu tibia itaendelea kuteleza kwenda mbele na kuichana tena ile waliyoshona. Mwaka mzima wa kucheza na goti linaloachia ndo unaomaliza meniskasi ya ndani ya vijana wengi huku mitaani, na inasikitisha kwasababu mwanzo ilikuwa nzima.

Goti lililofunga kwa mpini wa ndoo ni upasuaji, mzizi uliokatika kwa goti zima ni upasuaji mara nyingi. Goti ambalo gegedu limeisha upande wote, kushona meniskasi hakuna faida, mjadala unahamia kwenye mambo mengine.

Kuhusu vidonge vya ute na bamia, ambavyo watu wanasema vinarudisha ute wa goti na kuliponya. Bamia ni mboga nzuri kula tu, ila ute wake unameng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote, hauna njia ya kwenda kwenye goti, na hakuna kidonge kinachoshona meniskasi. Sindano ya steroidi ndani ya goti inatuliza maumivu wiki kadhaa, inaweza kukusaidia uanze mazoezi, lakini kuchomwa mara kwa mara kunaumiza gegedu kwahiyo isiwe ndo matibabu yenyewe.

Wanafanyaje humo ndani

Siku hizi hawafungui goti, ni athroskopia, vitundu viwili vitatu vya kama sentimita moja, kamera inaingia moja na vifaa vingine. Masaki Watanabe wa Tokyo alikata kipande cha meniskasi kwa njia hiyo mwaka 1962 na mwenzake Hiroshi Ikeuchi akashona mwaka 1969. Upasuaji una sura kuu tatu. Kupunguza, wanatoa kile kipande kilichoning'inia tu na kuacha kingine chote, haraka, unatembea mapema. Kushona, nyuzi zinapitishwa kufunga mpasuko, unauguza muda mrefu lakini unabaki na meniskasi yako. Na mzizi, hapa tibia yenyewe inatobolewa, tundu jembamba linatoka mbele ya muundi mpaka pale mzizi ulipokuwa umeshika, nyuzi zinakamata mzizi zinavutwa kupitia tundu na kufungwa chini mbele ya mfupa.

Kuna upasuaji wa nne ambao haugusi meniskasi kabisa na bado unaiokoa. Mtu mwenye matege, uzito wake unapita upande wa ndani wa goti kuliko inavyotakiwa. Hata ushone vizuri kiasi gani, upande ule unaendelea kupondwa. Kwa mtu ambaye bado ana nguvu zake na upande wa nje ni mzima, daktari anaweza kukata tibia kidogo chini ya goti, akafungua pembe ndogo upande wa ndani, akaweka bamba na skrubu, mguu ukanyooka na mzigo ukahamia upande wenye uzima. Mfupa unaunga kama mvunjiko wa kawaida. Ni upasuaji mkubwa, lakini kwa mtu sahihi unasogeza mbele sana siku ya goti la bandia. Kwahiyo kama una matege na unaambiwa meniskasi, uliza kama wamepima mstari wa mguu mzima kwa eksirei ndefu ya kuanzia nyonga mpaka kifundo.

Kabla hujasaini fomu muulize daktari kwa adabu tu, hana sababu ya kukasirika: mpasuko wangu ni wa aina gani na uko eneo gani, unashoneka? Ukifika ndani ukaona unashoneka una vifaa vya kushona siku hiyo au utakata tu? Gegedu yangu ikoje? Nikianza na mazoezi miezi mitatu nitapoteza nini? Hilo la vifaa ni la muhimu sana kwetu kwasababu vifaa vya kushonea vina bei, sehemu nyingine mgonjwa anavinunua mwenyewe, na bima inaweza kulipa upasuaji ikagoma vifaa. Uliza bima wiki kabla, upate jibu la maandishi.

Kuuguza goti

Karatasi ya daktari wako ndo inayoongoza, hizi tarehe ni za kawaida tu ujue unaelekea wapi. Waliopunguzwa kipande wanakanyaga siku ileile au kesho yake, magongo siku chache, kazi ya kukaa wiki moja au mbili, mpira wiki sita na kuendelea kama uvimbe umeisha. Walioshonwa mara nyingi wanakaa na kifaa cha kushikilia goti, hawakunji kupita 90 kwa wiki nne hadi sita, na kuchuchumaa na mzigo ni baada ya miezi minne hivi. Wa mzizi ndo wanyonge zaidi, karibu wiki sita bila kukanyagia ule mguu kabisa, na wanaodanganya wiki ya tatu kwasababu "haliumi tena" ndo nyuzi zinaachia. Maumivu kuisha hakumaanishi imeshika.

Kazi ya kwanza kwa wote ni kunyoosha goti na kuamsha paja. Kaa mguu umenyooka, taulo limekunjwa chini ya kisigino, bana msuli wa mbele wa paja ukisukuma goti chini, hesabu tano, achia, mara kumi, rudia kila baada ya masaa machache. Paja linanywea haraka mno goti likivimba, siku kumi tu unaliona. Kisha kunyanyua mguu umenyooka, kutelezesha kisigino kuja kwako mpaka mwisho ulioruhusiwa, kusukuma kifundo juu na chini mara nyingi kwa siku ili damu isigande. Baadae, ukiruhusiwa kukanyaga, kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, kupanda kidaraja kimoja, kunyanyua makalio ukiwa umelala, kusimama mguu mmoja karibu na ukuta, baiskeli ya kukaa sehemu moja ukiipata. Mara kumi, seti tatu, siku tatu nne kwa wiki. Kipimo chako ni uvimbe: kesho yake goti likijaa au maumivu yakazidi umepitiliza, rudi nyuma hatua moja, usiache kabisa.

Yapo mambo ya nyumbani kwetu ambayo karatasi za kuchapwa hazisemi. Choo cha kuchuchumaa kinakunja goti mpaka mwisho na uzito wote juu, kwahiyo kabla ya upasuaji tafuta kiti cha choo au fundi akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Kwa anayeswali, sijda na kukaa tahiyatu vinakunja goti kupita kabisa 90, swali kwenye kiti mpaka utakaporuhusiwa, dini imelifungulia mlango jambo hilo. Kukaa mkekani umekunja miguu, kufua umeinama kwenye beseni chini, kukaa kigoda kifupi jikoni, vyote pandisha juu, beseni liweke juu ya meza, kigoda badilisha kiti. Bodaboda usipande wiki za mwanzo, kule kupandisha mguu na kuuzungusha ndo mwendo uleule unaochana. Mama mwenye mtoto mdogo apate mtu wa kumbebea, magongo na mtoto mgongoni haviendani.

Msuli wa nyuma ya muundi ukivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikata, hospitali mara moja, damu inaweza kuwa imeganda. Homa, goti la moto, usaha kwenye vitundu, vilevile.

Kurudi uwanjani usihesabu miezi peke yake. Waliopunguzwa ni mapema, walioshonwa ni miezi minne hadi sita, ikiwa na ACL ni tisa kwenda juu, lakini kabla ya hapo goti liwe halina uvimbe hata jioni, linyooke na kukunja sawa na lenzake, na mguu ule uweze kurukaruka peke yake umbali usiopungua asilimia 90 ya mguu mzima. Pima kwa futi, ruka mara tatu kila mguu, andika. Alafu anza na kukimbia mstari ulionyooka, kisha kona pana, kisha kona za ghafla, kisha mpira bila mtu wa kukukaba, na mechi ya kwanza iwe dakika 20 sio 90, kesho yake asubuhi uliangalie goti kabla hujamwambia kocha upo tayari.